Jina Lako Lilipoitwa Ukumbini

Mtaa wa Kanisani,
Dumangas, Iloilo.
26 Februari 2023

Mpendwa mdogo wangu Gemma,

Habari za huko kwenye baridi? Magoti yameacha kukusumbua? Na wale wazee unaowatunza, wanakuachia hata nafasi ya kunywa kahawa ukiwa umeketi? Sisi hatujambo, Mungu anatutazama. Kikohozi kimemwachia shemeji yako Rudy, amesharudi kwenye mabwawa yake ya samaki. Paka wako amezaa tena, safari hii ndani ya kabati la sahani, na hakuna anayethubutu kumhamisha.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu siku zote nakukuta unavaa viatu kwenda kazini. Na ukurasa wako wa Facebook uliufunga tangu mazishi ya Nanay, mama yetu, uliyoyatazamia humo, siku ile picha ilipokwama jeneza likishushwa, ukabaki peke yako ukitazama kioo cheusi. Sikulaumu, mdogo wangu. Mimi niliyekuwa pale kaburini naikumbuka sauti yako ikiita "halo, halo" ndani ya simu.

Sasa nikupe habari za chama chetu cha wakunga. Nusura kife. Tangu ule ugonjwa wa dunia nzima, kila mkutano mkuu ulikosa akidi, na mwenye kiwanja alikwishasema kwamba kama chama hakina watu, ataurudisha ukumbi mikononi mwake. Mkutano wa wiki iliyopita ndio ulikuwa wa mwisho kujaribu.

Katibu wetu sasa ni Jovelyn, binti wa muuza supu ya batchoy pale sokoni. Akautangaza mkutano Facebook. Watu wakabonyeza kwamba watakuja, wakamimina mioyo myekundu, nami kwa ujinga nikapika ibos, ule wali wa kunata wa kufungwa majanini, kwa hesabu ya mioyo ile. Siku yenyewe viti vingi vikabaki vitupu. Wali wa ibos tumekula asubuhi na jioni mpaka Rudy akauliza kama ni adhabu.

Halafu, hebu fikiri, hakuna aliyemwambia Nang Saling! Mwanamke aliyetufundisha mimi na wewe kumpokea mtoto, amesahauliwa kwa kuwa hana simu. Nilimfuata mwenyewe mchana ule kwa pikipiki ya matairi matatu. Njia nzima alinisema. "Kumbe siku hizi asiye na simu amekwisha kufa," akaniambia, "mngeniletea basi na maua."

Tulipohesabiana tukakuta hatutoshi. Ndipo Jovelyn akaigeuza simu yake ituelekee, akasema waliobonyeza si waongo. Wengi wao wamo humo ndani, wanatutazama kutoka walikotawanyikia, naye anaomba nao wahesabiwe. Mimi niliinuka nikapinga. Nilisema asiyeketi ukumbini hajaja, na mkutano si sinema.

Kabla sijamaliza, uso wa Milagros ukatokea kwenye kioo. Unamkumbuka, yule mliyesoma naye? Yuko Jedda, kazi za nyumbani. Alikuwa amesimama jikoni kwa watu, lakini amevaa sare yake nyeupe ya ukunga, imepigwa pasi, na beji kifuani. Aliivaa kwa ajili yetu, Gemma. Nikaketi, na mikono ilipoinuliwa kupiga kura wahesabiwe, na wangu ulikuwemo.

Jovelyn akaanza kuita majina. Waliomo ukumbini wakaitika kwa mdomo. Walio mbali wakaandika, naye akasoma: Jedda, Leeds, Dubai, Hong Kong. Kila mji uliposomwa watu waliguna taratibu. Sikuwa najua kwamba tumetawanyika kiasi kile. Miaka yote nimekuwa nikiwanung'unikia kwamba wamekitupa chama.

Akaita jina lako. Akaliita tena, macho kwenye simu. Nilikuwa naitazama simu ile kana kwamba ungetokea na nywele zako mbichi, ukicheka kwamba umechelewa. Jovelyn akataka kusonga mbele, lakini Nang Saling akauliza kwa nini mtoto wake haitiki. Nikamweleza habari za ukurasa na mazishi. Akaniambia nikupigie. Nikapiga pale pale, mbele ya wote. Ikaita hadi ikakatika. Huko ilikuwa asubuhi. Najua ulikuwa zamu, unamlisha mzee wa watu uji.

Jovelyn akauliza aandike hupo? Nang Saling akamshika mkono.

"Acha wazi," akasema. "Mtoto hamsubiri mkunga, lakini mlango wa mkunga haufungwi."

Basi pakaachwa wazi. Akidi tuliivuka hata hivyo, ukumbi umebaki wetu, na Jovelyn amechaguliwa tena. Sasa kila mtu anausifu mtandao. Nami nausifu, maana umeniletea Milagros hadi ukumbini. Ila nilipomsindikiza Nang Saling nyumbani aliniegemea njia nzima, akinisimulia ulivyolia ulipompokea mtoto kwa mara ya kwanza, kuliko hata mama aliyemzaa. Uzito ule begani ndio ninaoukosa kwako.

Sikuombi ufungue ukurasa. Niandikie tu kwa mkono wako, neno moja, "nipo". Nitalibeba mpaka ukumbini, nimpe Nang Saling alishike, halafu nilisome kwa sauti.

Nisalimie wenzako wa kazini. Rudy anakusalimu, na Jovelyn, na Nang Saling anakubusu kwenye paji la uso. Bikira Maria akukinge na baridi hiyo, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, ambaye bado nakuwekea sahani,

Manang Araceli