Mbavu za Lavelle

Lavelle,

Mbavu ziko kwenye jiko la uani tangu alfajiri. Usifunuefunue mfuniko! Sosi uzipake saa nane, wageni wakikaribia. Ukipaka mapema sukari itaungua.

Asubuhi nilikusikia ukimwambia jirani yetu Purvis, “Memphis nzima hakuna mbavu kama zangu. Mke wangu? Yeye kazi yake kukata vitunguu tu.” Miaka kumi na tisa naamka mimi kuwasha makaa, wewe unashika koleo wageni wakifika!

Nimekwenda kwa mama. ~~Nitarudi kabla ya wageni.~~ Nitarudi wakishakula.

Sosi usihangaike kuitafuta kwenye friji, nimeondoka nayo. Pika yako. Si mbavu zako?

Vitunguu nimeshakata.

Mkeo