Maji ya Kuoshea Mkeka wa Zaituni

Nyamirambo, Ijumaa, Mei 1992

Nilitaka kutoa ule weupe tu. Sanda ya mke wangu niliikata mwenyewe, juu ya mkeka wake wa plastiki wa kukatia vitambaa, na nyuzi nyeupe zikabaki ndani ya mikwaruzo.

Juzi nikausugua kwa brashi, sabuni na maji baridi, maana ya moto huupinda. Zaituni alinigombeza mara ngapi! Nyeupe zikatoka. Zikatoka na nyekundu, na za kijani, za vitenge alivyokata miaka yote akiunga mablanketi ya viraka. Sikujua kama zimo.

Mkeka uko safi kama wa dukani.

Leo dada yake ameliona tena beseni la maji yale, na nyuzi zake, chini ya meza. "Shemeji, mwaga hayo maji, mbu watataga!"

Nimemwambia kesho. Jana pia nilimwambia kesho.