Nyasi za Ng'ombe Wanane

Jumatatu, 1 Septemba
Nimekamua, nimepeleka maziwa, nimewahi darasa la watu wazima kule Majengo. Uwiano tena. Miaka thelathini na nne, na bado sijui wapi nizidishe, wapi nigawanye. Chuo cha mifugo wanataka angalau D ya Hisabati. Nina F mbili kabatini. Ya tatu sitaki hata kuiona.

Alhamisi, 4 Septemba
Jaribio. 18 kwa mia. Aibu.

Jumamosi, 6 Septemba
Nilikuwa jikoni narudia swali lililonimaliza. Mama mkwe, anamenya ndizi, akataka nimsomee. Nyasi zinawatosha ng'ombe sita kwa siku ishirini. Wakiwa wanane, zitatosha siku ngapi? Nikamsomea na jibu langu: ishirini na sita na ushee.

Akaweka kisu chini.

"Ruwa wangu, Mungu wangu! Midomo imeongezeka, halafu nyasi zikae zaidi? Hao ng'ombe wako wanakula au wako kwenye Kwaresma?"

Nimecheka mpaka machozi. Halafu nikajikasirikia. Miaka kumi na miwili nalisha ng'ombe. Bandani nisingekosea hivi hata nikiwa na homa. Nikishika kalamu tu, nasahau kwamba nafuga.

Sita mara ishirini, mia na ishirini. Gawa kwa nane. Kumi na tano!

Jumanne, 23 Septemba
Takwimu. Wastani wa maziwa ya ng'ombe watano ni lita 8. Wanne wametoa 7, 9, 6 na 8. Wa tano je? Wenzangu wanakuna vichwa. Nikapaza sauti: kumi! Jumla lazima iwe arobaini. Mwalimu akapiga makofi. Nimevimba kichwa, na nastahili.

Jumatatu, 17 Novemba
Mtihani. Swali la mafundi na siku za kujenga ukuta. Nikawageuza mafundi kuwa ng'ombe, ukuta ukawa nyasi. Nimemaliza kabla ya muda.

Jumamosi, 31 Januari
C! Hisabati C! Nimepiga vigelegele uani mpaka jirani akadhani tumeletewa posa. Mama mkwe amenikumbatia na samadi yake mikononi. Chuo, nakuja.

Jumapili, 1 Februari
Tumetoka kanisani. Mama mkwe alisimama stoo akiangalia nyasi. Siku zote yeye ndiye husema zitaisha lini, haulizi mtu. Leo kaniuliza mimi. Nikahesabu marobota, nikamwambia Jumatano ya wiki ijayo. Akaitikia kwa kichwa, akachukua mundu, tukaenda kukata nyingine.