Baba, Kuta Zilikuwa Hazijageuzwa

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua ungeitikia marahaba kisha uniulize kama nimekula, kwa hiyo nakujibu kabisa: nimekula, tena nimeshiba. Sasa nisikilize, maana leo nimekuja kukushukuru, na ulipokuwa hai hukupenda kushukuriwa. Ukianza kushukuriwa tu, unajifanya unatafuta mkasi.

Siku ile tuliyotoka Mvumi kwa daktari wa macho, nililia njia nzima. Alikuwa ametuambia bila kuzunguka kwamba macho yako yanaondoka na hayatarudi, na kilichobaki ni miezi tu. Wewe, fundi cherehani wa miaka yote ile pale Majengo, hukuisikitikia kazi. Ulisema, "Natamani niione tena nyumba ya mama. Mara moja tu." Nyumba ya kijijini Busi, ile ya tembe yenye paa la udongo, iliyoanguka kwa mvua kabla sijazaliwa na ambayo hakuna aliyewahi kuipiga picha. Nami na kiherehere changu, mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa tatu, nikaropoka: "Nitakujengea ndani ya kompyuta, baba. Utaizunguka pande zote." Ukaniamini papo hapo. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Ulinitajia vipimo umefumba macho: mlango mfupi ambao babu aliinama kuupita, dirisha moja dogo, ukuta wa nyuma uliojipinda. Niliuchora kila ukuta kwenye karatasi ya kaki vile ulivyonifundisha kukata nguo tangu nikiwa darasa la nne, yaani kwa upande wa ndani. "Chaki haionyeshwi watu," ulikuwa ukiniambia, na ukinikuta nimechora upande wa nje, unanichapa kidogo na futi kamba. Basi nikachora kuta zote kana kwamba nimesimama ndani ya nyumba, nikazipa pembe zake namba, nikaziingiza kwenye programu niliyoiandika kwa Java.

Mara ya kwanza nyumba ilitokea kichwa chini miguu juu, kwa sababu zana nilizotumia huhesabu urefu kwenda chini. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Kumbe mama yangu alikuwa popo!" Hilo nililimaliza kwa alama ya kutoa. Kilichonitoa jasho ni kuta. Nikiitazama nyumba kwa nje, ukuta wa mbele haupo; naona moja kwa moja hadi ukuta wa nyuma. Nikiizungusha, ule wa nyuma ukija mbele nao unapotea. Wallahi nilidhani nimerogwa.

Unanijua nilivyo na pupa. Nilisogeza kamera, nikaongeza taa, nikabadilisha rangi, nikafuta Java nzima na kuiweka upya, yote kwa mkupuo mmoja, hata sikujua tena nimeharibu nini na nimetengeneza nini. Mwenzangu darasani akanishauri niiambie programu ichore pande zote mbili za kila ukuta. Kuta zikaonekana, ndiyo, lakini nyeusi tii, jua limewaka na zenyewe zimeligeuzia mgongo. Wiki hizo hizo nikakuona unatunga uzi kwa kupapasa. Nikaenda chooni kulia.

Mchana mmoja nikaja na kompyuta barazani kwako kukuambia nimeshindwa. Sikuwa na haya tena. Ukasukuma kando suruali ya mtu, ukasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa skrini.

"Rudisha kwanza vyote ulivyobadilisha," ulisema. "Mimi sifumui mishono miwili kwa pamoja."

Nikarudisha.

"Zungusha. Polepole, bibi wee, si feni hiyo. Haya, sasa niingize ndani."

Nikaisogeza kamera mpaka katikati ya nyumba. Kuta zote nne zilikuwepo, nzima, zina mwanga safi. Wiki mbili sikuwahi kuingia ndani, baba. Wiki mbili!

Ukaegemea kiti, ukaanza kutabasamu. "Mwanangu, umeishona vizuri sana. Ila hujaigeuza."

Kompyuta huujua uso wa ukuta kwa mpangilio wa pembe zake: ukizihesabu kuelekea upande huu, uso uko nje, ukizihesabu kinyume, uso uko ndani, na mgongo haijisumbui kuuchora. Mimi nilikuwa nimezihesabu kama fundi, kwa upande wa chaki, nikasahau kwamba nguo ikishashonwa hugeuzwa, wa ndani ukae ndani na wa nje utoke nje. Nikageuza mpangilio wa namba palepale barazani, na nyumba ikasimama mbele yetu na kuta zake zote. Nilipiga vigelegele hadi muuza mahindi wa jirani akaja kuuliza nani anaolewa.

Sasa nimeajiriwa, hapa hapa Dodoma, na vijana wa ofisini wananiletea kuta zao zinazopotea. Nawaambia warudishe walivyobadilisha, kisha waingie ndani watazame. Wananiona mtaalamu. Nami nafanya kama natafuta mkasi. Ahsante, baba. Ahsante kwa chaki, kwa futi kamba, kwa kuniamini nilipokuwa naropoka. Nimekukosa sana, hasa siku programu inapokubali na sina wa kumpigia simu.

Lipo jambo moja sijamsimulia mtu yeyote. Nyumba iliposimama na muuza mahindi akaenda zake, niliisogeza kamera hadi mbele ya ule mlango mfupi, nikataka kukuingiza. Ukanishika mkono. Ukavua kofia, ukainamisha kichwa kwenye skrini, ukasema kwa sauti ya chini:

"Hodi."

Ukasubiri. Nilikuwa nyuma ya bega lako na sikujua nani anapaswa kujibu. Ulisema tena, "Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu," nikasema. "Pita ndani."

Ukapita.

Mungu akurehemu, baba, na akupe nyumba iliyo bora kuliko ile.

Ni mimi,
binti yako wa mwisho.