Siku Uliyokwenda kwa Mwalimu Mkuu Bila Kuku

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hakuna wa kukupelekea barua hii. Naiandika kwenye karatasi za katikati ya daftari langu la mwisho la shule, kwa sababu nina jambo linalonisumbua, na mtu ambaye ningemuuliza ni wewe.

Jambo lenyewe ni Kristina. Mwezi mzima sasa mdogo wangu hajafundishwa kusoma wala hesabu. Kila asubuhi anakwenda shule, amenawa uso na gauni lake nimelifua, lakini akifika tu Mwalimu Fidelis anamkabidhi mtoto wake, ambaye ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Mke wa Mwalimu yuko shambani ng'ambo ya mto, anafukuza ndege kwenye mpunga, na kule juu ya dungu la kulindia shamba si mahali pa mtoto anayetambaa. Basi mtoto analetwa shuleni, na Kristina anambeba mgongoni, anazunguka naye nje penye kivuli cha darasa mpaka kengele ya mwisho. Wenzake wako ndani wanasoma.

Kristina hakuniambia. Nilimwomba anisomee mistari michache ya kitabu chake wakati nachambua mchele. Akasoma vizuri, haraka haraka, ukurasa ambao amekwisha kuushika kwa kichwa. Nilipogeuza ukurasa wa pili akanyamaza. Nikamwuliza, "Huu hamjafika?" Akasema, "Wenzangu wamefika, dada. Mimi namlea Pius."

Alisema kwa fahari, Mama. Hilo ndilo lililoniumiza.

Nimekwisha kwenda kwa Mwalimu Fidelis mwenyewe, kwa sababu wewe ndivyo ulivyofanya. Unakumbuka nilipokuwa darasa la tatu, Mwalimu Benedikti aliponichapa fimbo mbili kiganjani? Baba alisimama pale pale akaanza kutafuta viatu vyake, anataka kwenda kwa Mwalimu Mkuu. Ukamwambia, "Kaa kwanza, baba Vero. Hatujamsikia mtoto." Ulinikalisha jikoni, hukuniuliza neno, ukaendelea kukuna nazi mpaka mimi mwenyewe nikasema. Nilikuwa nimeulizwa swali mbele ya darasa, jibu nalijua, lakini mdomo ukakataa kufunguka. Mwalimu akadhani namfanyia kiburi.

Kesho yake ulimsubiri Mwalimu Benedikti njiani akirudi kwake. Nilikuwa nyuma yako na ndoo. Ulimsalimia, ukamwuliza habari za nyumbani, kisha ukasema, "Huyu wangu hana kiburi, Mwalimu. Hata mimi niliyemzaa hanijibu mpaka nimngoje." Mwalimu alicheka. Akasema, "Basi nitamngoja, mama." Na kweli tangu siku ile alikuwa akiniuliza swali, anageuka kufuta ubao taratibu, ananipa nafasi. Jambo likaishia njiani. Baba hakuvaa viatu.

Kwa hiyo nilijua pa kuanzia. Nilimkuta Mwalimu Fidelis anasahihisha madaftari, nikasema yale niliyokuwa nimeyapanga tangu asubuhi, nikiangalia miguu yangu. Aliona haya, Mama. Alisema, "Wiki hii tu, dada Veronika. Mama Pius akirudi yamekwisha." Mimi nikashukuru, nikaondoka. Hiyo ni wiki ya tatu sasa, na leo Kristina amerudi mgongo wa gauni umelowa mkojo wa mtoto.

Kinachonifunga ni kwamba Mwalimu Fidelis si mtu mbaya. Ndiye aliyeongoza nyimbo siku tulipokuzika, mvua ikinyesha, watu wengine wamekwisha kukimbilia barazani. Ndiye aliyempigania Baba kivukoni usiku ule wa homa yako, maji yalipokuwa yamejaa na wenye mtumbwi hawataki kuvuka kwenda hospitali ya Ifakara. Nitaanzaje kwenda kumsema kwa mkubwa wake?

Nimemweleza Baba. Amesema, "Tumtume Alois."

Ungekuwa hapa ungecheka mpaka ukae chini.

Mara ile alipotumwa nilikuwa darasa la nne. Kutwanga mpunga wa mwalimu halikuwa jambo la ajabu, na wewe mwenyewe ulisema ni heshima, ulinifundisha hata namna ya kupepeta nisimwage. Lakini mwaka ule Mwalimu Benedikti alinitoa darasani kila siku, saa ya hesabu, na mtihani wa kwenda darasa la tano ulikuwa unakaribia. Ulimwendea njiani kama zamani. Akakubali. Siku nne nikakaa darasani, ya tano nikarudi kwenye kinu. Ndipo Baba aliposema jambo hili sasa ni la Mwalimu Mkuu, na jambo zito mtu hajisemei mwenyewe, anasemewa. Akaitwa Baba mdogo Alois, ambaye amesema harusi zote na misiba yote ya ukoo wetu.

Alikwenda na koti jeusi na jogoo mwekundu. Kwetu kila mtu anajua: siku ya kwanza msemaji anabisha hodi tu. Anasalimia, anatoa alichokuja nacho, anazungumza habari za mvua na mavuno. Neno lenyewe analisema akirudi mara ya pili. Hata wewe ulikubali kwamba Alois alifanya kazi yake sawasawa. Bahati mbaya Mwalimu Mkuu ni mtu wa mbali, desturi hiyo hakuijua. Alimwona mzee wa heshima kaja na jogoo, kamtaja Mwalimu Benedikti kwa jina, kamwulizia hali, kaaga. Akafahamu kwamba ukoo wetu umekuja kushukuru.

Jumatatu mstarini akatutangazia wote kwamba wazazi wanafurahishwa sana na kazi ya Mwalimu Benedikti, na walimu wengine wamwige. Tulipiga makofi. Na mimi nilipiga, ningefanyaje? Saa ya hesabu Mwalimu Benedikti akaniita akitabasamu. "Kumbe nyumbani wamefurahi! Basi leo chukua na mwenzako mmoja, mtwange magunia yote mawili."

Nilipokusimulia, Baba aliinama akashika kichwa. Baba mdogo Alois akasema, "Tulieni. Neno ni wiki ijayo." Wewe ukasimama, ukajifunga khanga. "Wiki ijayo mtoto atakuwa amemaliza mpunga wa Benedikti na mtihani umempita. Shemeji, pumzika. Nakwenda mimi."

"Na kuku je?" Alois akauliza.

"Kuku tutamla wenyewe."

Ulinishika mkono tukaenda wote. Sijasahau hata kidogo jinsi ulivyosimama katika ofisi ile ndogo. Mwalimu Mkuu alikupa kiti, ukakaa ukingoni. Ulimwambia, "Leo sikuja na kuku, Mwalimu. Nimekuja na neno, na ninaomba Mwalimu Benedikti aitwe, maana sitaki kumsema mtu hayupo." Nilitamani ardhi ipasuke. Alipoingia ulimwamkia kwa adabu kama siku zote. Kisha ukatoa daftari langu la hesabu, ukalifungua mezani, ukaanza kugeuza kurasa moja moja. Hukujua kusoma. Ukasema, "Mimi herufi hizi sizijui. Lakini hapa naona pameandikwa. Hapa pameandikwa. Na kuanzia hapa ni peupe, peupe, peupe. Mtoto wangu yuko shule kila siku. Huu weupe umetoka wapi?"

Hukusema kwamba Mwalimu Benedikti ni mvivu, wala mchoyo, wala kwamba wengine nao wanalalamika, ingawa walikuwa wakilalamika kisimani kila asubuhi. Ulishikilia la daftari tu. Mwalimu Benedikti akaanza kueleza habari za heshima na malezi ya wasichana. Ukamsikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema, "Nitakutwangia mimi, Mwalimu, Jumamosi. Hesabu siwezi kumfundisha mimi." Mwalimu Mkuu akafunga daftari, akaniambia nirudi darasani, na wewe akakusindikiza mpaka barabarani. Nasikia njiani alikuuliza habari za yule jogoo, ukamweleza, akacheka peke yake hadi ofisini.

Jumamosi ulikwenda kutwanga kweli. Baba alikukataza, hukumsikia.

Mama, karatasi inakaribia kwisha na Baba ananiita. Nitamwambia leo kwamba Alois asitumwe. Sijui kama mdomo utafunguka.

*

Leo ni Jumanne, naendelea kwenye karatasi nyingine.

Baba alinisikiliza akishona wavu. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe, mpaka yale ya siku ya nyimbo na ya kivukoni. Nikamwambia, "Wema wake kwetu ni deni la wakubwa, Baba. Tutaulipa sisi. Kristina asiulipe kwa darasa lake." Sikujua kama nina maneno hayo. Alifunga fundo moja la wavu, kisha akasema, "Mimi sijawahi kujisemea mbele ya mkubwa, mwanangu. Sitaanza uzeeni." Nikajua basi, ni Alois tena.

Jana asubuhi Baba alivaa viatu. Alois hakuwepo. Tukaenda wawili, mimi nyuma yake, hatuzungumzi. Mwalimu Mkuu amezeeka kidogo, anapapasa meza kutafuta miwani iliyo usoni pake. Mwalimu Fidelis aliitwa, akaja na Pius begani kwa sababu Kristina alikuwa amekwenda kunywa maji. Baba alisalimia, akakaa. Mwalimu Mkuu akasema, "Mzee, karibu, una neno?"

Baba akasema, "Neno lipo. Msemaji wangu ni huyu." Akanionyesha mimi.

Mama, nilinyamaza. Nilinyamaza kiasi kwamba Pius alianza kuchezea vifungo vya shati la baba yake na tukawa tunamtazama wote. Mwalimu Mkuu akakohoa. Baba hakunisaidia wala hakunigeukia. Alitulia tu, kama mtu aliyekaa na msemaji anayemwamini.

Nikasema. Nilianza na shukrani, kwa sababu ni kweli tunamshukuru Mwalimu Fidelis, na nikazitaja mbele ya mkubwa wake ili azijue. Kisha nikasema Kristina yuko nje ya darasa mwezi mzima, kwamba nilimwendea Mwalimu mwenyewe kwanza, akaniahidi wiki moja, na kwamba leo ni wiki ya tatu. Nikasema, "Hatukuja kumshtaki. Tumekuja kwa sababu peke yetu tumeshindwa."

Mwalimu Fidelis hakubisha. Machozi yalimlengalenga, akasema hana ndugu huku, aliona aibu kumwambia Mwalimu Mkuu kwamba nyumba imemshinda. Nadhani Mwalimu Mkuu naye aliona aibu kidogo, kwa sababu darasa lile liko hatua kumi kutoka mlangoni pake. Alisema Pius atashinda nyumbani kwake, na mkewe, mpaka mavuno yaishe, na Kristina atabaki nusu saa baada ya kengele arudishiwe yaliyompita. Mwalimu Fidelis akasema atamfundisha yeye. Tulipotoka alitusindikiza. Alimshika Baba mkono, akaniambia, "Ungekuja mapema zaidi, dada." Sijui kama alinilaumu au alinishukuru. Nadhani vyote.

Nilidhani nitarudi nyumbani nimefurahi. Lakini Kristina amenikasirikia. Ameporwa Pius wake. Jana jioni alikula akinipa mgongo, na nilipomwuliza habari za hesabu akasema, "Umeniaibisha. Wote wamesema dada yako kaja kushtaki." Amelala bila kuniaga.

Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelizika. Siku ile tulipotoka ofisini kwa Mwalimu Mkuu, mimi nawe, nilikuchukia. Wenzangu walichungulia dirishani wakakuona na khanga yako ya shambani. Siku mbili sikukusemesha. Ulinipakulia chakula, ukaniambia "kula, mama," nikala bila kujibu. Jumamosi ulipokwenda kutwanga nilijificha nyuma ya nyumba nisikuone ukipita na mchi. Halafu mtihani ukaja, nikafaulu, nikapelekwa Ifakara darasa la tano mpaka la nane, nikasoma hesabu zote nilizotaka, na katika miaka yote hiyo sikukuambia asante. Nilidhani unajua. Labda ulijua. Lakini hukuisikia kutoka kinywani mwangu, na wewe ndiye uliyekuwa ukiningoja niseme.

Asante, Mama.

Kristina simlazimishi. Nimemwekea uji wake pembeni ya moto na kitabu chake juu ya kinu. Sasa hivi nimemsikia ameamka, anasoma ukurasa wa pili kwa sauti ya chini, anakosea, anarudia. Akijua namsikia ataacha, kwa hiyo namalizia hapa bila kuinuka.

Lala kwa amani. Baba hajambo.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
Vero