Kisonono Kilichokataa Sindano

Jumatatu, 3 Machi

Kinyaa. Sina neno lingine. Asubuhi nimesimama chooni nimeuma kola ya shati nisipige kelele, mkono mmoja umeshika mlango kwa sababu komeo liling'oka zamani. Mkojo ni moto mtupu. Halafu ule usaha — mzito, wa njano, unanuka. Nimefua chupi peke yangu nyuma ya bafu, nikaianika chini ya shati ili wenzangu wasione.

Walikwishaona! Banda la mabati, vitanda juu kwa juu, siri itakaa wapi. Jamaa wa kitanda cha juu yangu tunamwita Famasia. Akaning'iniza kichwa kama popo: karibu chamani, ndugu yangu. Banda zima kicheko.

Famasia ndiye anayetunza kopo. Kopo la maziwa ya unga, ndani vidonge vya kila rangi, mabaki ya kila mtu. Sheria ya banda: maumivu yakipoa unaacha kumeza, unachobakiza unamtilia mwenzako koponi. Ndio ubinadamu wetu huo. Akanipa viwili, vimelowa jasho la kiganja chake, vimeshika nyuzinyuzi. Nimemeza. Nikaenda kulisha mawe mashine ya kokoto, vumbi mpaka kwenye meno. Nikitema, mate ya kijivu. Kila kitu changu siku hizi kinatoka kichafu.

Ijumaa, 7 Machi

Vile vidonge ni sawa na kumeza punje za mahindi. Nimeomba ruhusa, nikamwambia msimamizi jino. Akasema hajawahi kuona jino la kumtembeza mtu ametanua miguu.

Zahanati. Nesi ni mama mtu mzima, umri wa shangazi yangu. Nilidhani atanidunga nijiondokee. Wapi! Kwanza akatoa kijiti chembamba chenye pamba, akasema vua. Ardhi ingepasuka ningeingia mwenyewe. Akasema mwanangu, nimeona vya kila aina, chako hakina jipya, tulia.

Akanieleza huku anafunga kichupa. Kisonono kimeanza kuzishinda dawa, nchi nzima inafuatiliwa. Kuna vituo vichache vimechaguliwa, chake kimojawapo, mwanaume akija na usaha anachukuliwa sampuli, inakwenda maabara kuu. Kule wadudu wanafugwa kwenye visahani, wanalishwa, kisha wanawekewa dawa moja baada ya nyingine kuona ipi inawaua. Wanaweza hata kuona kama wadudu wa mtu huyu na wa yule ni ukoo mmoja. Wanafugwa! Wadudu wangu watakula vizuri kuliko mimi.

Akauliza nimelala na nani. Nikamtaja yule mwanamke wa vyumba vya nyuma ya machimbo, anakopita nusu ya banda. Na mke? Nikasema mke yuko mbali, huyo hahusiki. Akaniangalia juu ya miwani. Likizo ulikwenda lini? Januari, nikasema, nikaanza kuhesabu kwa vidole. Maana kwa yule mwanamke nilikwenda kabla ya likizo. Na baada.

Akasema basi mkeo ndiye wa kwanza kuhusika. Mwambie akapime.

Nimedungwa sindano. Nisimguse mtu, nirudi wiki ijayo. Kumwambia mke wangu? Kwa mdomo upi?

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu kapiga simu. Anakuja! Tangu nianze kazi huku hajawahi kuja, kila nikimwita ana sababu. Leo hata sikumwita. Nikasema usije, huku vumbi, hakuna pa kulala. Akasema nitalala popote. Nikasema watoto je? Akasema watoto wako kwa dada yangu. Nikasema basi tuongee hapa hapa kwenye simu. Akasema kuna mambo ya kuonana ana kwa ana, baba watoto.

Labda ni mambo ya kile kiwanja na kaka yangu. Iwe ni kiwanja, Mungu wangu.

Bado usaha unachuruzika. Kidogo, lakini upo. Sindano ya serikali nayo imeshindwa?

Jumatano, 12 Machi

Imeshindwa. Majibu yamerudi. Nesi hakutania safari hii. Dawa za zamani haziwagusi kabisa, na hii ya sindano, ambayo ndiyo tegemeo, imewayumbisha tu. Akasema wadudu wa namna hii maabara haijawapokea mara nyingi. Akasema kama mtu anayenipa habari ya msiba. Kumbe mimi ndiye maiti! Nimedungwa tena, dozi kubwa, na dawa nyingine juu yake. Kijiti tena. Jibu Alhamisi ijayo.

Akauliza kabla ya kuja nilimeza nini. Nikamweleza habari za kopo. Akavua miwani, akafikicha macho. Kisha: kwa hiyo mnawapa wadudu mazoezi. Mnawapiga kidogo, hawafi, wanaamka wamekomaa, mnampelekea mwenzenu.

Nimerudi nikaliangalia lile kopo juu ya mbao. Nzi wawili kwenye kifuniko. Nilimeza humo! Nimekwenda nje nikatapika.

Ijumaa, 14 Machi

Nesi kaja machimboni, na bwana mmoja wa maabara na kiboksi cha barafu. Msimamizi akawazuia getini. Hapa ni kazini, anasema, mkaanzie huko kwa malaya. Anaogopa kampuni isitiwe doa. Nesi akamwambia sawa, baba, nipe jina lako kamili nimwandikie mkuu wangu kwamba wewe ndiye uliyekataa. Geti likafunguka kama lina mafuta.

Wakajifungia ofisini, wanaita mmoja mmoja. Mwanzoni wenzangu ni utani tu — oh, nesi ana mikono laini, oh, mimi nipimwe mara mbili. Walipoona ile ncha ya kijiti wakashika mikanda ya suruali.

Famasia alinikuta bombani. Nilidhani atanipiga, maana nani mwingine angesema habari za kopo. Badala yake akaongea chini chini. Mwenzako tangu mwaka jana haikauki, akasema. Nimeizoea kama kikohozi. Na bado kila wiki anakwenda kule nyuma, na akirudi anatugawia dawa kwa mkono huo huo! Nikamwambia nenda ukapimwe, mnyama wewe. Akacheka. Mnyama mimi, wewe ulifuata nini kule, maombi?

Nikachukua ndoo yangu nikaondoka na maji nusu. Swali lake linaniuma hadi sasa.

Jumatatu, 17 Machi

Amefika mchana. Kakonda. Mlinzi kamleta mpaka kwenye chumba cha stoo ya zamani, ambacho msimamizi huwapa waliotembelewa. Nimefagia, nimefukuza panya, nimetandika mkeka wangu chini na yeye kitanda. Nilikuwa nimetunga uongo wa mgongo: nimeumia, daktari kasema nilale pagumu.

Hakuuliza! Mke wangu, ambaye huuliza mpaka kwa nini nimekohoa. Kauona mkeka, kauruka, kaketi kitandani. Nilipompokea mkoba vidole vikagusana, akavuta mkono wake.

Nikajua si kiwanja.

Akasema nimekaa naumwa tumbo la chini tangu uondoke. Nilidhani la kawaida. Nikaenda hospitali, wakanipima, wakapeleka maabara kuu. Wakanidunga. Halikwisha. Wakanipigia simu wakasema nirudi, na kwamba nisilale na wewe mpaka na wewe upimwe. Basi nimekuja, akasema. Nina swali moja. Hii umenipa wewe, au unataka kuniambia nimeitoa kwingine?

Hakulia. Afadhali angelia.

Na mimi nikafanya nini? Nikainama kunyoosha mkeka. Nikiwa nimeinama likaja wazo, na wazo lile ni chafu kuliko vyote nilivyoviona mwezi huu, kuliko choo, kuliko kopo. Nikasema moyoni: kataa. Hajui lolote. Mgeuzie. Muulize yeye alikuwa na nani wakati wewe unavunjika mgongo huku. Ndugu zako wote watakuwa upande wako. Lilikuja lenyewe, limekamilika, na maneno yake tayari. Nilikuwa nimeshafungua mdomo!

Akasema safari imemwacha na vumbi, anakwenda kunawa, akirudi nimjibu.

Maabara ina wadudu wangu na wake. Wakiwalinganisha watajua. Lakini yeye hajui kwamba mimi nimepimwa. Nesi hasemi siri ya mtu. Nikitaka —

Amerudi. Amesimama mlangoni, uso umelowa, hajajifuta. Anauliza naandika nini.

Nimesema mambo ya kazini.

Amesema haya, maliza. Ameketi kwenye mkeka wangu, ananitazama mkono. Anangoja kalamu isimame, na mimi naandika tu, naandika ili isisimame, naandika hata —