Tuligawana Vidonge Wodini

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana usingizi umenipaa. Mimi ni fundi seremala, na gonjwa hili la kifua lilipopamba moto nililazwa wodi moja na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, vitanda vimegusana, na daktari akatuomba tuingie kwenye majaribio ya dawa mpya, akatueleza kwamba wengine watameza dawa yenyewe na wengine kidonge kisicho na kitu, vyote vinafanana, asijue mgonjwa wala daktari nani kapata nini mpaka mwisho walinganishe waliopona, nasi tukakubali. Lakini changu kilikuwa chungu kama shubiri, na shemeji akaninong'oneza, "Mbona changu kitamu?" Tukatazamana, tukaelewa kichungu ndicho chenye dawa. Alikuwa anahema kwa shida, nami nina dada yake nyumbani, ningefanyaje? Nikawa navunja nusu nampa, nusu yake nachukua mimi, muuguzi akigeuka, na wenzetu wakaona wakaiga, ikawa wodi nzima tunaonjeshana. Tulitoka wazima. Sasa nimemsikia daktari yule redioni akisema dawa haionyeshi tofauti, karibu wataiacha. Mke wangu ananiambia, "Baba, funga mdomo, kaka yangu yu hai." Nikisema tutaonekana wahalifu, nikinyamaza je, kama tumeiua dawa nzuri?

Fundi, pole kwa kuugua na pole kwa mzigo. Kumwonea huruma ndugu anayehema si uhalifu. Walioandaa majaribio ndio waliozembea: huwezi kuficha siri machoni ukaisahau ulimini. Najua watu walikuwa wanakufa na haraka ilikuwapo, lakini kuonja vidonge viwili kabla ya kuvigawa kungewachelewesha nini?

Ila na wewe usijivike kilemba cha ukoka. Nani kakwambia nusu ile ndiyo iliyomwokoa shemeji? Wengi hupona bila kumeza chochote, ndiyo maana yalihitajika makundi mawili ya kulinganisha, nanyi mkayakoroga kama uji.

Mkeo ana haki ya kushukuru, hana haki ya kukufunga mdomo. Wapo wanaolazwa leo, na watatibiwa kwa jibu lililotoka kwenu. Kesho asubuhi mchukue shemeji, nendeni kwa daktari mwenyewe, si redioni. Wenzenu msiwataje majina. Akifoka, mwacheni afoke, ana sababu. Akitulia ataitoa wodi yenu kwenye hesabu na kutafuta vidonge vyenye ladha moja. Usimwambie kwamba dawa inaponya, wala kwamba haiponyi. Hilo hulijui, nami silijui. Mwambie mlichomeza.